Kinacholijaza kasha ni karakana

Katika Diablo II, gemu ya kompyuta ya mwaka 2000, kuna kifaa kinachoitwa Horadric Cube. Ni kisanduku kinachokaa ndani ya begi la mhusika wako na kula miraba minne, miwili kwa miwili. Ukikifungua, ndani mna miraba 12. Anayekibeba anajipatia nafasi nane za ziada, na wengi wetu tulipoanza kucheza tulikitumia hivyo tu, kama mfuko wa pembeni wa kutilia pete na dawa. Lakini kisanduku hichohicho kina kitufe. Tia vito vitatu vya aina moja na daraja moja, bonyeza, na kinatoka kito kimoja cha daraja la juu yake. Ni mfuko, na ni karakana. Ukitaka kuitumia karakana, sharti kwanza uitoe mizigo uliyoirundika humo, kwa sababu kitu kimoja kisichohusika kikibaki ndani, hakuna kinachoundwa.

Watu wanapozungumzia gemu za aina hii, zile za kumwongoza mhusika mmoja, kuua mazimwi na kuokota yanachodondosha, huligawa jambo hili mafungu mawili. Huyu anaandika mwongozo wa kuunda upanga bora. Yule analalamika kwamba kasha lake la mjini, anamohifadhi vitu, limejaa na anaomba watengenezaji waliongezee kurasa. Kila mmoja anasema lake, kana kwamba uundaji ni kazi ya fundi na uhifadhi ni kazi ya mtunza stoo. Nimecheza gemu hizi kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozidi kucheza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ni jambo moja. Kasha hujaa kwa sababu karakana ipo, na kanuni za karakana ndizo zinazoamua ni kitu gani mkono wako utakataa kukitupa.

Sarufi ya pete

Ukiokota pete katika Path of Exile, gemu nyingine ya aina hii, ujue hakuna msanii aliyeketi akaibuni pete ile. Gemu imechukua umbo la msingi ikaliongezea sifa kwa nasibu: uhai zaidi, kinga dhidi ya moto, kasi ya kurusha uchawi. Sifa hizo huitwa viambishi, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu kazi ya viambishi anaijua tangu shuleni. Mzizi "pik" hauna mwenyewe wala wakati. Ubandike mbele na nyuma, unapata anapika, walipikiana, hatutapikiwa. Pete nayo ni mzizi. Ina nafasi za viambishi awali na nafasi za viambishi tamati, na kama vile kitenzi kisivyoweza kubeba wakati uliopita na ujao kwa pamoja, pete haiwezi kubeba viambishi viwili vya kundi moja.

Katika gemu hiyo, kifaa adimu, kile chenye jina la njano, hubeba viambishi visivyozidi sita: awali vitatu na tamati vitatu. Kifaa cha buluu hubeba viwili tu, kimoja kila upande. Uhai huingia upande wa awali. Kinga dhidi ya moto, baridi na umeme huingia upande wa tamati. Kila kiambishi kina ngazi zake, na kiwango cha kifaa, kinachotokana na mahali kilipodondoka, ndicho kinachoruhusu au kuzuia ngazi za juu. Tena viambishi havina uzito sawa. Vingine hujitokeza kila saa, vingine unaweza kucheza msimu mzima usivione.

Sasa itazame pete yenye kinga tatu nzuri upande wa tamati, na upande wa awali ina kiambishi kimoja tu. Ukiivaa leo ni pete ya wastani. Lakini nafasi mbili za awali ziko wazi, na karakana inaweza kuzijaza. Hapo ndipo kifaa kinapopata thamani mbili: jinsi kilivyo, na jinsi kinavyoweza kuwa. Ya kwanza inasomeka kwenye skrini. Ya pili haijaandikwa popote. Inabidi uibebe kichwani. Gemu isiyo na karakana ina thamani ya kwanza tu, na begi lake hukombwa kwa dakika moja: kinachozidi nilichovaa nakivaa, kingine nakiuza. Karakana ikiingia, kila kilichodondoka kinaanza kusema "labda", na hiyo "labda" ndiyo inayokwenda kulala ndani ya kasha.

Karakana za namna tatu

Karakana zina majina mengi, ila ukizichungulia ndani utakuta kanuni tatu, wakati mwingine zimechanganywa.

Ya kwanza ni ya mapishi: leta vitu fulani kwa idadi fulani, na unajua mapema utakachopata. Lord of Destruction, nyongeza ya Diablo II iliyotoka mwaka 2001, ilileta runi 33, vijiwe vya kuchomekwa kwenye matundu ya vifaa, kuanzia El hadi Zod, pamoja na maneno ya runi, yaani mipangilio maalumu ya vijiwe hivyo. Neno maarufu, lililoongezwa baadaye, ni Spirit: chukua upanga au ngao yenye matundu manne kamili, chomeka Tal, Thul, Ort na Amn kwa mpangilio huohuo. Ukikosea mpangilio, runi zimeshakwama na neno halijatokea. Lakini sharti lililogeuza mchezo mzima ni jingine: kifaa chenyewe kisiwe cha kichawi. Kiwe kile cha kawaida, chenye jina jeupe au la kijivu, ambacho kabla ya hapo mchezaji mzoefu alikipita bila kukigeuzia shingo. Ghafla takataka ikawa msingi wa silaha bora. Kilichoongezeka si vitu vya kuokota, ni sababu ya kuviokota.

Vito vya gemu hiyo vina madaraja matano, na kila hatua ya kupanda inadai vitatu kwa kimoja. Hesabu inakwenda hivi: tatu mara tatu mara tatu mara tatu, yaani vipande 81 vya daraja la chini kabisa kwa kito kimoja kilichokamilika. Begi la mhusika lina miraba 40. Lijaze mara mbili, bado kipande kimoja kimekosa mahali. Bila shaka mtu huunganisha njiani badala ya kusubiri vyote, lakini ndiyo maana kasha la mchezaji wa Diablo II halikosi vito viwili vya rangi fulani vinavyosubiri cha tatu.

Hata hivyo nayaheshimu mapishi. Yanakujaza kasha, ila yanakwambia umepungukiwa na nini, na siku ukikipata, rundo lote linageuka kitu kimoja.

Kanuni ya pili ni ya dadu. Hapa bingwa ni Path of Exile, iliyotoka mwaka 2013 kutoka kwa Grinding Gear Games ya New Zealand. Kwa zaidi ya miaka kumi gemu hiyo haikuwa na dhahabu kabisa. Fedha yake ilikuwa vifaa vya karakana vyenyewe, viitwavyo orb. Chaos Orb inafuta viambishi vyote vya kifaa adimu na kubandika vipya. Exalted Orb inaongeza kimoja juu ya vilivyopo. Divine Orb haigusi aina ya viambishi, inarusha upya namba zake tu. Vaal Orb inakiharibu kifaa kwa maana ya kukitia najisi: kinaweza kutoka bora kuliko vyote ulivyowahi kushika, kinaweza kutoka kimevurugika, na baada ya hapo karibu hakuna orb ya kawaida inayokigusa tena. Wazo hili nalipenda sana. Sarafu iliyomo mfukoni ni nyundo pia, na kila ukilipa unachagua kati ya kununua kazi ya mwenzio na kujaribu yako.

Ila dadu ina hesabu ambayo wengi huikosea. Tuseme sifa unayoitafuta ina nafasi moja kati ya 100 kwa kila jaribio. Wachezaji wengi huandaa orb 100 na kuamini zitatosha. Baada ya majaribio 100, uwezekano wa kuwa umeipata angalau mara moja ni kama asilimia 63. Kati ya wachezaji watatu, mmoja na zaidi kidogo anaondoka mikono mitupu. Ukitaka uhakika wa asilimia 90 unahitaji majaribio 230. Asilimia 99, majaribio 459. Na dadu haina kumbukumbu: mtu aliyeshindwa mara 200 yuko palepale alipo mtu anayeanza sasa hivi. Kanuni hii ndiyo inayozaa ulimbikizaji mkali kuliko zote, kwa sababu hakuna idadi unayoweza kuitaja ukasema sasa imetosha. Mtu ana orb 300 na bado anajihisi maskini.

Tena orb zilikuwa na njia ya kuzivuna iliyogeuza makasha kuwa mabohari. Kwa miaka mingi muuzaji wa mjini alikubali seti kamili ya vifaa adimu ambavyo havijatambuliwa, yaani sifa zake bado zimefichwa, vya kiwango cha 60 hadi 74: kofia, vazi la kifua, glavu, viatu, mkanda, mkufu, pete mbili na silaha. Kwa seti hiyo alikupa Chaos Orb mbili. Kila aliyefuata njia hiyo anajua ilivyokuwa: ukurasa mzima wa mikanda na viatu, na hakuna pete.

Kanuni ya tatu, ambayo kwangu ndiyo hatua kubwa zaidi kupigwa na gemu hizi, ni ya bajeti. Iko katika Last Epoch, iliyotoka rasmi Februari 2024. Kila kifaa kinadondoka kikiwa na namba moja ya ziada: uwezo wake wa kufuliwa. Kila ukikipiga nyundo, kuongeza kiambishi au kukipandisha ngazi, namba hiyo inakatwa kiasi cha nasibu ndani ya mipaka fulani. Ikifika sifuri, kazi ya nyundo imekwisha. Karakana inakipandisha kiambishi hadi ngazi ya tano. Ya sita na ya saba lazima zidondoke zenyewe. Wakati gemu ikiwa bado inajengwa, mfumo ulikuwa mwingine: kifaa kiliweza kupasuka ukiwa katikati ya kazi. Watengenezaji wakauondoa, na sijasikia anayeulilia.

Niliokota glavu juzi. Sifa moja niliyoihitaji ilikuwa ngazi ya sita, uhai ulikuwa ngazi ya tatu, moja haikunifaa, na nafasi ya nne ilikuwa wazi. Uwezo wa kufuliwa: 31. Nikaanza na uhai, kwa sababu ndio uliokuwa na njia fupi. Pigo la kwanza likala saba, uhai ukawa ngazi ya nne. Nikatia Glyph of Hope kwenye pigo la pili, ile inayotoa nafasi ya asilimia 25 ya kutokatwa chochote. Haikusaidia, zikaondoka tano. Uhai ngazi ya tano, zimebaki 19. Nikajaza nafasi ya nne kwa kipande cha malighafi nilichokuwa nacho, zikabaki kumi. Mapigo mawili zaidi, namba ikawa sifuri na kiambishi cha nne kimesimama ngazi ya tatu. Nilikuwa nakitaka ngazi ya tano. Lakini nilichokipata hapo kilikuwa kikubwa kuliko ngazi mbili: nilijua. Glavu zile zimefika mwisho wake. Nikazilinganisha na nilizovaa, nikazivaa, za zamani nikazivunja kwa runi kuwa vipande vya malighafi. Hakuna kilichorudi kasheni. Vile vipande navyo vilikwenda kwa kitufe kimoja katika hifadhi yao ya pekee, isiyokula mraba hata mmoja.

Bajeti haikumaliza kila kitu. Gemu hiyohiyo ina vifaa vya kipekee vinavyodondoka na kitu kingine kinachoitwa Legendary Potential, namba isiyozidi nne. Ukikipeleka kifaa hicho katika Temporal Sanctum pamoja na kifaa cha daraja la juu cha aina yake chenye viambishi vinne, viambishi kadhaa vitahamia, idadi yake ikiwa ni ile namba, na gemu ndiyo inayochagua vipi. Kwa hiyo ukilifungua kasha la mchezaji wa Last Epoch utakuta viatu vinavyosubiri mwenzake. Pale karakana inapokuwa wazi, kasha ni jepesi. Pale dadu inaporudi, mizigo inarudi.

Miraba, nafasi na uzito

Upande wa uhifadhi nao una namna zake, na si ngumu kuzieleza. Kuna begi la miraba, ambamo vazi la kifua linakula zaidi ya pete. Kuna begi la nafasi, ambamo kila kitu ni kimoja kwa kimoja. Na kuna begi la uzito, kama la Skyrim ya mwaka 2011, ambamo mhusika anaanza na uwezo wa kubeba uzito wa 300, na ukizidi hawezi tena kukimbia.

La miraba ndilo lenye hila nyingi. Begi la Diablo II lina upana wa miraba kumi na kimo cha minne. Vazi la kifua lina upana wa miwili na kimo cha mitatu, yaani miraba sita. Ukigawanya 40 kwa sita unapata sita na masalio, lakini mavazi yanayoingia ni matano tu, kwa sababu gemu hairuhusu kulilaza vazi ubavu. Yakishapangwa yanaacha chini ukanda wa kimo cha mraba mmoja, miraba kumi mizima, na humo mnaingia vitu vya kimo cha mraba mmoja tu, kama pete, mikufu na mikanda. Kofia haiingii hata ukiibembeleza. Hivyo swali la mchezaji haliwi "nina nafasi ngapi?" tu. Ni "nina nafasi ya umbo gani?"

Gemu hiyo ikaongeza hirizi, ambazo hufanya kazi zikiwa zimekaa tu ndani ya begi. Ndogo inakula mraba mmoja, ya kati miwili, kubwa mitatu. Kila mraba unaoutoa kwa hirizi unakuongezea nguvu na kukupunguzia pa kuweka ulichookota. Wachezaji wenye wahusika wakubwa walitembea na begi lililojaa hirizi tupu, na mahali pekee pa kuokotea pakabaki ndani ya Horadric Cube. Sijaona tena begi lenye maana kubwa kiasi hicho. Nafasi tupu yenyewe ilikuwa na bei.

Kwa nini lisiwe kasha lisilo na mwisho

Swali hili huulizwa kila mwaka, na majibu yake ni zaidi ya moja.

La kwanza ni la mchezo wenyewe. Begi likijaa, mchezaji anarudi mjini, anapumua, anauza, anafua vifaa, anatoka tena. Mwendo huo ni sehemu ya utamu. Runic Games waliuelewa vizuri katika Torchlight ya mwaka 2009: mbwa au paka wako anabeba mizigo, unamtuma mjini peke yake, anauza na kurudi wewe ukiwa bado vitani. Waliacha kikomo mahali pake, wakaondoa kero ya safari.

La pili ni la kiufundi, na wachezaji wengi hawalijui. Kasha ni data ambayo seva inapaswa kuihifadhi na kuipakia. Watengenezaji wa Diablo IV walieleza mwaka 2023 kwamba ukikutana na mchezaji mwingine ulimwenguni, gemu hupakia habari za mhusika wake pamoja na kasha lake zima, na kuongeza kurasa kungezidi kuilemea kumbukumbu ya mashine. Mtu anaweza kuuliza kwa nini ilijengwa hivyo, na ni haki yake. Ila kuanzia hapo "ongezeni ukurasa mmoja tu" halikuwa tena ombi dogo.

La tatu ni biashara. Path of Exile haitozi kitu kuicheza, na inampa kila mchezaji kurasa nne za miraba 144 kila mmoja. Zaidi ya hapo ananunua, zikiwemo kurasa maalumu za kupangia orb. Gemu nzima kwa bei ya kurasa chache ni bei ninayoikubali kwa moyo mweupe. Ninachokiona kigumu ni hiki: anayeuza makasha ndiye anayeamua karakana itadai vitu vingapi. Wawe waadilifu kiasi gani, mvutano huo upo, na mchezaji anapaswa kuujua anapoona malighafi ya aina mpya kila msimu.

Nafasi ikibanwa, watu hutafuta upenyo. Diablo II haikuwa na kasha la pamoja, basi wachezaji wakaunda wahusika wasiopigana kamwe, punda wa kubeba tu. Kuhamisha kitu mtandaoni bila msaada wa mwenzio ulikitupa chini, ukatoka, ukakimbilia kuingia na punda wako kabla chumba hakijafungwa. Na mhusika asiyeguswa kwa siku 90 alifutwa na alichobeba. Mashabiki wa Titan Quest ya mwaka 2006 waliandika programu ya pembeni, TQVault, ya kutunza vifaa nje ya gemu. Toleo jipya la Diablo II la mwaka 2021 hatimaye lilileta kasha la pamoja, miaka 21 baadaye.

Kutoka kitu hadi kumbukumbu

Ushahidi wangu mkubwa kwamba kasha linatibiwa karakanani uko kwenye mabadiliko mawili ambayo hayakuongeza mraba wowote.

Mwaka 2015 Diablo III ilipata Kanai's Cube. Kabla yake, kila kifaa cha kipekee chenye uwezo wa ajabu kilitunzwa, kwa sababu huenda kesho mhusika angebadili mtindo wa kupigana. Cube hiyo ilikuruhusu kukivunja kifaa na kubaki na uwezo wake milele katika orodha, kisha kuchagua mitatu kwa wakati mmoja: mmoja wa silaha, mmoja wa mavazi, mmoja wa mapambo. Silaha kubwa zilizokaa kasheni kwa miezi zikageuka mistari ya maandishi. Kitu kilikuwa kimekuwa ujuzi.

Diablo IV ilianza kinyume chake. Mchezaji aliutoa uwezo wa kifaa cha daraja la Legendary, na uwezo huo ukawa kitu kingine cha kubeba, chenye namba zake, kinachokula nafasi. Kasha likajaa nguvu zilizonyofolewa, kila moja ikiwa pungufu kidogo ya jirani yake. Mei 2024 watengenezaji wakabadili: ukivunja kifaa, uwezo wake unaingia kwenye kitabu cha kumbukumbu, na ukivunja chenye namba bora zaidi, kitabu kinajisahihisha. Kurasa zilitoka wazi siku ileile. Sasisho hilohilo lilileta pia namna ya kuongeza viambishi kwa majaribio yenye kikomo, na kifaa kilichotunzwa kwa wiki mbili kikaweza kuharibika moja kwa moja kwa mibofyo michache. Malalamiko yalikuwa makali, na yalikuwa ya haki. Bajeti ya Last Epoch nayo ina kikomo, lakini pale unachagua ni kiambishi gani unaongeza. Hapa ulichagua kundi tu, kilichobaki ni dadu.

The Witcher 3 ya mwaka 2015 ilipita njia kama hiyo katika mfumo wa uzito. Ilitoka bila kasha lolote. Miezi michache baadaye sasisho likaleta kasha, na pamoja nalo uamuzi ambao kwangu una maana zaidi: malighafi za uundaji zikaacha kuhesabiwa uzito. Mchezaji hakulazimika tena kukadiria kama ngozi ya mbwa mwitu ya leo itahitajika kesho kutwa.

Wapo wanaolitibu jambo hili mapema zaidi, kabla mkono haujainama kuokota. Path of Exile hukubali kichujio, faili la maandishi lenye amri za kuonyesha au kuficha: pete za kiwango fulani zing'ae na kutoa mlio, mikanda ya chini isionekane kabisa. Last Epoch imekijenga chake ndani ya gemu. Kuandika kichujio ni kulijibu swali la "labda" mara moja, ukiwa umetulia, badala ya kulijibu mara elfu ukiwa umezungukwa na mazimwi. Mchezaji mgeni hukopa cha mwenzake, na ni sawa, ila siku anapokihariri mwenyewe mstari wa kwanza, ndiyo siku anapoanza kuielewa karakana.

Kwa sasa ninacheza Path of Exile 2, iliyofunguliwa kwa majaribio ya umma Desemba 2024, na humo Chaos Orb imebaki na jina ikabadili kazi. Haifuti tena vyote. Inaondoa kiambishi kimoja kwa nasibu na kuweka kimoja kipya. Fikiria pete yenye vitano vizuri na kimoja kibaya: katika mara sita, mara tano utapoteza kizuri, kwa hiyo huigusi. Igeuze sasa, kimoja kizuri na vitano vibaya, na mara tano kati ya sita orb itaondoa uchafu. Pete ambayo katika gemu ya kwanza ningeipita bila kusimama, hapa ina kazi ya kufanyiwa. Wiki ya kwanza nilikuwa nimeshajaza ukurasa mzima wa pete za namna hiyo, na kichujio changu cha zamani kilikuwa bado kinazificha nyingine.